Ramani Iliyoelekezwa Meru

Maji yalikuwa yamebaki nusu chupa, na Hanna akamwachia yote Mwalimu Aminiel. Mzee alikuwa ameanguka na kuteguka kifundo cha mguu, katikati ya hifadhi ile kame nyuma ya Mlima Meru, na dira aliyoiangukia ilipasuka vipande vipande. Kazi ya kutafuta chemchemi ikabaki kwa mwanafunzi wake, ramani mkononi na kidumu kitupu.

"Nenda, mwanangu. Ramani unaijua."

Kuijua aliijua. Mwaka mzima mzee alimfundisha bure, uani kwake Nduruma, mpaka Hanna akawa anauona mlima kwenye mistari ile myembamba ya miinuko kama unavyoona sura ya mtu kwenye picha. Basi akafanya kama siku zote: akaelekeza upande wa juu wa ramani kwenye Meru, akashika njia.

Nchi ikagoma. Palipobanana mistari, penye genge, alikuta uwanda mtupu. Korongo la kushoto lilikuwa kulia. Koo limemkauka, akaanza kuwalaumu waliochora, eti hawakuwahi kufika huku. Kisha akautazama tena mlima, akajishika kichwa. Juu ya ramani ni kaskazini, na kwao Nduruma mlima uko kaskazini. Hapa walikuwa wameuzunguka, na sasa ulikuwa kusini! Mtoto wa watu alikuwa amebeba kaskazini ya kwao mpaka jangwani.

Aliigeuza karatasi, na kila kitu kikakaa mahali pake: genge, korongo, na bondeni nukta ya buluu ya chemchemi. Akaifuata mpaka kwenye maji. Alikunywa akiwa amepiga magoti matopeni, akajaza kidumu, akarudi mbio.

Mwalimu alikuwa hai, midomo imepasuka. Hanna akamweleza kosa lake huku akihema.

"Tumekosea wote," alisema mzee. "Uani kwangu sikuwahi kukugeuza."

Akapokea kidumu, akafumba macho, akaanza kuomba. Nduruma nzima inazijua sala zake za kabla ya kula. Wali hupoa, watoto husinzia. Alimshukuru Mungu kwa chemchemi. Akashukuru kwa waliopanda milima wakapima, na kwa waliochora. Kidumu kilikuwa bado kimefungwa.

"Mwalimu, kunywa kwanza, jamani!"

"Tulia," alisema bila kufumbua macho. "Bado sijafika kwako."