Jasho la Cimpunda

Docteur Hugues alikuwa na tabia ya kunyamaza katikati ya maneno akisubiri makofi. Mélanie, laborantine wake, yaani msaidizi wake wa maabara, kwa miaka kumi na mmoja, hakuwahi kumpigia hata moja.

Siku moja aliueleza ukumbi mzima wa fakulte ya chuo kikuu kwamba pomada mpya ya maumivu ya viungo, aliyopewa aipime, haidhuriwi na jua. Akaonyesha mchoro: dawa imekaa juani kwa saa sita, na mstari wa kiasi chake umelala sawa kama meza.

Mélanie aliwaza goti la shangazi yake, Maman Bintu, muuza ndagala, wale dagaa wakavu, katika mtaa wa Cimpunda. Shangazi alikuwa amenunua pomada hiyohiyo, akaipaka asubuhi, akashinda juani. Kesho yake goti likatoka malengelenge. Mélanie alipompelekea Hugues habari hiyo, msomi yule alijibu bila kuinua macho, "Batu ba kule habanawake," yaani watu wa mtaa ule hawaogi. Kujua kote huko, na hekima yote imeishia kwenye tai ya shingoni!

Mélanie akainua mkono.

"Docteur, ile dawa uliiyeyusha mu nini?"

"Mu acétonitrile. Iko kiyeyusho safi, kila laboratoire inaitumia."

"Na Maman Bintu anatokaka jasho ya acétonitrile?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Hugues akashika tai yake. Mélanie akatoa chupa mbili za dawa ileile, alizoziweka juani pamoja, juu ya paa la laboratoire. Ya acétonitrile ilikuwa angavu. Ya maji, yaliyotiwa chumvi kama jasho, ilikuwa imegeuka manjano na kuingia ukungu: mle mwanga ulikuwa umeivunja dawa.

"Kiyeyusho njo kinaamua," akasema. "Mu ile yako, dawa inatulia. Mu maji inavunjika, na ile inavunjika njo inachoma ngozi."

"Hii haiko kazi ya laborantine!"

"Basi jipake ku mukono, Docteur, tutembee mupaka Cimpunda. Jua iko inawaka."

Hugues akatazama dirisha, kisha saa. "Niko na réunion."

Hakuna aliyeamini kwamba ana mkutano. Doyen, mkuu wa fakulte, aliyekuwa kiti cha mbele, akaagiza kipimo kirudiwe kwa maji. Mélanie alikirudia mara tatu, na matokeo hayakubadilika. Mwezi uliofuata maboksi ya pomada yakaja na onyo: ukijipaka, funika ngozi. Kwenye ripoti, jina la Hugues lilitangulia. La Mélanie lilikuwa chini kabisa, wameliandika Mélina.

Alicheka mpaka akatoka machozi, kisha akampelekea shangazi yake kitenge kirefu cha kufunika goti.