Mlango Uliogoma Mubashara

Mwenye karakana ya milango ya chuma alikuwa anaitwa Komeo, na jina hilo hakulipata kwa sababu ya kazi yake. Alilipata kwa sababu akishafunga mdomo juu ya jambo, hata ungeleta mtaimbo haufunguki. Mdogo wake alikuwa na kibanda cha kuchonga funguo ng'ambo ya barabara ileile. Huyo watu walimwita Funguo, basi, kwa kuwa ndizo alizokuwa anachonga.

Zamani walifanya kazi pamoja. Kilichowatenganisha ni sentensi moja. Mteja alikuja kutazama mlango, Komeo akawa anausifu, na alipofika katikati ya sifa mdogo wake akapenyeza neno: "Ila usiubamize wakati wa joto. Kitasa kitakwama." Mteja akashukuru sana, akaenda kununua kwingine. Komeo hakupiga kelele. Alinyanyua boksi la vifaa la mdogo wake, akalivusha barabara, akalitua chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akarudi kazini.

Tangu hapo hawakuzungumza. Yaani walizungumza, ila kupitia mke wa Komeo. Wakikutana harusini, hata viti vikigusana, Komeo alimgeukia mkewe: "Mwambie shemeji yako asogee kidogo." Funguo alikuwa amesikia, lakini alingoja aambiwe. Kisha: "Shemeji, mwambie kaka nimeshasogea." Mama wa watu akawa anayabeba maneno hayo kutoka kiti hadi kiti, miaka nenda miaka rudi, kama tarishi asiye na mshahara.

Walikuwa na binti, yaani Komeo na mkewe, ambaye alifanya kazi mji mwingine katika kampuni ya matangazo. Kampuni ikafungwa, binti akarudi nyumbani na begi moja na stendi ya kusimamishia simu. Wiki ya kwanza alikaa karakanani akitazama. Aliona milango mizuri imeegemezwa ukutani, imepakwa rangi, imekauka, imeshika vumbi.

"Baba," alisema, "mlango mpya huu tuuzindue mtandaoni. Mubashara."

"Watu waache kazi zao wakae kuangalia mlango?"

"Baba, kuna watu wanakaa kuangalia mtu akikata sabuni kwa kisu."

Komeo alilifikiria hilo kwa muda. "Kizuri chajiuza," akasema, "kibaya chajitembeza."

"Ndiyo. Na huyo fundi jirani wa mtaa wa pili anayejitembeza ndiye aliyepata kazi ya milango ya ile hosteli mpya."

Hilo lilimchoma mzee mahali penyewe. Akauliza inahitajika nini. Binti akaeleza: hotuba ndefu hapana. Watu wanataka kuona jambo linatokea mbele ya macho yao, na wao hawajui litaishaje. Baadaye yeye angekata vipande vifupi vya video, kila kimoja na jambo lake, avisambaze kwenye simu za watu mwezi mzima. Siku moja ya kazi, chakula cha mwezi.

"Na jambo lenyewe litakuwa nini?" mama aliuliza kutoka kwenye meza ya rangi.

"Baba ataingia stoo, atajifungia na mlango mpya, watu wenye nguvu watajaribu kuuvunja, watashindwa. Halafu baba atafungua mwenyewe, atatoka anatabasamu."

"Baba yako atatabasamu?" mama akauliza.

Hiyo ndiyo sehemu pekee ya mpango iliyoleta mjadala.

Siku ya uzinduzi jua lilikuwa kali kama limetumwa. Mlango ulikuwa umepachikwa kwenye stoo ya karakana, chumba cha mawe kisicho na dirisha, chenye tundu la hewa juu ambalo paka mwembamba angepita kwa ubavu. Kwenye mlango binti alikuwa ameandika jina lake kwa rangi nyeupe: HAUINGILIKI. Simu ilisimama kwenye stendi. Komeo alivaa shati la pasi, na kwenye ukosi akabandikwa kipaza sauti kidogo kisicho na waya, ili hata akiwa ndani watazamaji wamsikie.

Waliokuwa wanatazama mwanzoni ni watu thelathini hivi, na theluthi yao ni ndugu wa upande wa mama, ambao walikuwa wanaulizana mumo humo hali ya mgonjwa wao. Komeo alisimama mbele ya simu akasema maneno aliyofundishwa, kwa sauti ya mtu anayesomewa mashtaka. Kisha akaingia stoo. Na kwa kuwa alitaka watu wasikie uzito wa chuma, akaubamiza mlango.

Wapagazi wawili wa sokoni wakaja na mitaimbo. Walisukuma, walitutumua misuli, walijaza jasho sakafuni. Mmoja akavunja mtaimbo wake akauangalia kama aliyesalitiwa na rafiki. Mlango haukucheza. Watazamaji wakafika mia mbili. Binti akapunga mkono wa furaha, akasema kwa simu: "Na sasa, fundi wetu atatoka!"

Kitasa kikasikika kikizungushwa. Kikazungushwa tena. Mlango haukufunguka.

"Kama mnavyosikia," ilisema sauti ya Komeo kutoka kwenye spika ndogo kando ya simu, "kitasa chetu ni imara."

Kikazungushwa mara nyingine, kwa hasira.

"Ni imara pande zote mbili," sauti ikaongeza.

Mtazamaji mmoja akaandika: "Hauingiliki, na hautokeki." Watu wakacheka kwa herufi, wakaitana. Mia mbili wakawa mia tisa. Binti akanyoosha mkono azime simu, uso umemvimba kwa aibu, lakini baba yake, aliyemjua kuliko alivyojijua mwenyewe, akasema kutoka ndani:

"Usizime. Ukizima watasema mlango umeniua."

"Tukate na grinda, baba?"

"Mlango wangu haukatwi mbele za watu."

"Sasa tufanye nini?"

Wote pale walijua la kufanya, hata wapagazi walijua, maana kibanda cha Funguo kilikuwa kinaonekana kupitia lango la karakana. Mama akaweka brashi chini, akafuta mikono kwa kitambaa, akavuka barabara.

Funguo alikuja na begi lake la vifaa begani. Hakuharakisha wala hakuchelewa. Aliutazama mlango juu hadi chini, akaweka kiganja kwenye chuma, akakitoa upesi kwa joto. Kisha akamgeukia mke wa kaka yake.

"Shemeji, mwambie kaka—"

"Mimi leo sisemi kitu," mama akasema. Akavuta kigoda akakaa, akakunja mikono. "Mlango huo hapo. Mwambie mwenyewe."

Wale wapagazi walisema baadaye kwamba kimya kile kilikuwa kizito kuliko gunia lolote walilowahi kubeba. Simu iliendelea kuonyesha mlango uliofungwa na mgongo wa mtu. Watazamaji elfu tatu walikuwa wanatazama mgongo.

"Kaka," Funguo akasema.

Hatua zikasogea hadi mlangoni.

"Naam."

"Umeufunga kwa nguvu?"

"Nimeufunga kama mlango unavyofungwa."

"Umeubamiza."

"Nimeu..." Sauti ikakohoa. "Nimeubamiza."

Funguo akatikisa kichwa, akapiga magoti mbele ya kitasa. "Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema, kama anayezungumza na skrubu. "Asiyesikia la mdogo walimsahau. Huyo hulala stoo."

Karakana nzima ikaangua kicheko, na mama akawa wa kwanza. Ndani hakukucheka mtu. Lakini ilisikika pumzi ikitoka puani, fupi, na mke wake alijua maana ya pumzi ile.

Kazi ilihitaji watu wawili. Ulimi wa kitasa ulikuwa umevimba kwa joto ukang'ang'ania fremu. Ilibidi aliye nje atoe bamba la kitasa taratibu, na aliye ndani asukume mlango kwa bega, lakini asukume anapoambiwa na alegeze anapoambiwa. Kwa hiyo Funguo akawa anaamuru na Komeo anatii, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mama yao awazae kwa mpangilio ule.

"Sukuma. Legeza. Nimesema legeza, kaka."

"Nimelegeza."

"Hujalegeza, nakuona kwenye bawaba."

Skrubu moja ilikataa. Funguo akaimwagia mafuta, akasema wangoje mafuta yazame. Wakangoja, mmoja nje na mmoja ndani, wameegemea chuma kilekile. Wote wawili walikuwa wamesahau kipaza sauti.

"Hilo turubai lako," Komeo akasema baada ya muda, "juu ya kibanda. Upande wa kushoto limechanika."

Funguo akaacha kufuta bisibisi. "Umejuaje?"

"Niko ng'ambo ya barabara. Nitaachaje kujua? Mvua ikinyesha nakuona unahamisha meza. Nilikukatia bati. Liko humu stoo, nimelikalia sasa hivi. Nilikuwa sijui nilileteje."

"Ungemwambia shemeji."

"Shemeji yako angecheka."

Mama hakucheka. Alikuwa amejifunika uso kwa kile kitambaa cha rangi, na alipokiondoa alikuwa na alama ya bluu kwenye pua, ambayo hakuna aliyemwambia.

"Mteja yule," Funguo akasema, "sikukusudia akimbie. Nilitaka ajue kuutumia."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Nilipofika katikati ya barabara na boksi lako."

"Sasa kwa nini hukurudi nalo?"

"Magari yalikuwa yanakuja," Komeo akasema.

Skrubu ikakubali. Bamba likatoka, ulimi ukarudi, mlango ukafunguka. Komeo akatoka na bati kwapani, shati limelowa, nywele zina utando wa buibui. Hakutabasamu. Alimkabidhi mdogo wake bati, kisha akaikumbuka simu, akaigeukia, akasema sentensi ya mwisho aliyofundishwa: "Karibuni wateja wote, tunapatikana muda wote wa kazi." Binti akazima. Watazamaji walikuwa elfu kumi na moja.

Kesho yake binti alikata vipande kama alivyoahidi. Baba alitaka kile cha mtaimbo kuvunjika kitangulie, na kikatangulia. Kikatazamwa na ndugu wa mama. Kile cha turubai binti alikisambaza kwa woga, bila jina la mlango wala namba ya simu, kwa kuwa aliona si adabu kuuzia watu machozi ya baba yake. Kikaenda mbali. Watu waliitafuta namba wenyewe. Simu ya karakana ikalia mpaka betri ikachemka, na nusu ya waliopiga hawakutaka mlango. Walitaka kujua kama bati limeshapigwa. Komeo aliwajibu mmoja mmoja kwa ukali: limepigwa. Nusu ya pili waliagiza milango, wakasisitiza ikaguliwe na yule mdogo mtu.

Funguo akarudi kufanya kazi karakanani kila asubuhi, na jioni akabaki kibandani. Kitasa kikachongwa upya, ulimi ukapewa nafasi ya kuvimba. Mama akaanza kulala mchana.

Mafanikio yakimzoea mtu humpa mawazo. Binti alipanga matangazo ya pili, akawaomba baba na baba mdogo wazungumze tena kupitia mlango, maneno yatoke moyoni. Wakakubali kwa ajili yake. Komeo akaingia, mlango ukafungwa kwa upole. "Kaka, hujambo?" "Sijambo." "Nyumbani?" "Salama. Kwani si umetoka kula kwangu?" Watazamaji wakaanza kuondoka kama watu waliokosea msiba. Binti akazima mwenyewe. Mara ya tatu hakuomba chochote. Aliiweka simu juu ya rafu, akaiwasha, akaenda kufagia. Ndugu wale wakabishana mchana kutwa kama bawaba hupakwa grisi au mafuta, na watu wakaangalia mpaka jua likashuka, na wengine wakatuma maoni yao kuhusu grisi.

Habari zikaenea hadi kwenye makampuni. Siku moja meneja wa kiwanda cha magodoro akampigia binti. Alisema wana bidhaa mpya, wanataka uzinduzi mubashara wenye hisia, na wamemchagua yeye. Bajeti ipo. Shida ni moja tu: wanahitaji ndugu wawili waliogombana.

"Baba na baba mdogo hawakodishwi," binti akasema. "Na isitoshe, wamepatana."

Karatasi zikasikika zikifunuliwa upande wa meneja.

"Basi," akasema, "hamna hata mashemeji?"