Pua Iliyopitisha Jiko

Nyumbani kwetu kitu hakiaminiki mpaka kipite kwenye pua yangu. Maziwa, nyama, shuka zilizolala kabatini, hata mkwe wangu akirudi na kudai alikuwa kwenye mkutano. Wakanipa jina, Mama Pua, nami nikalivaa kwa maringo. Kumbe tangu yale mafua ya mwaka jana pua yenyewe imekufa. Kitunguu, sabuni, choo, kwangu yote sawa. Sikumwambia mtu. Kila asubuhi binti yangu ananiachia mwanawe wa miezi kumi, akisema, "Akiwa na mama sina wasiwasi." Bibi asiyejua maziwa yamechacha nani atamwachia mtoto? Thubutu!

Basi likaja jiko jipya la gesi. Binti alishamwita fundi mwenye cheti cha kazi hiyo, aje saa tano. Lakini mkwe wangu huyo, subira haijui. Akashika koleo, akauchomeka mpira wa gesi kwenye jiko na kuukaza kwa kipande cha waya.

"Dakika mbili tu. Fundi wa nini?"

"Fundi atakuja," binti akasema, kanuna.

"Aje anywe chai. Mama, hebu nusa. Ukipitisha wewe, tumemaliza."

Wakanigeukia wote wawili. Wao hawakujisumbua kunusa, na mkwe alikuwa amejimwagia manukato ya kazini. Jamani, ningesema nini? Nikainama nyuma ya jiko, nikavuta pumzi kwa madaha.

"Hakuna kitu," nikasema.

Wakaenda kazini. Mjukuu wangu alikuwa amelala kwenye godoro la chini, chumba cha pili kutoka jikoni, mlango wazi ili nimsikie akilia. Nikataka kumchemshia maji ya maziwa. Nikachukua kiberiti, nikatoa njiti, na mkono ukagoma.

Nikanusa tena. Hakuna kitu. Hapo ndipo woga uliponiingia, maana hata gesi ingejaa mpaka darini, kwangu ingekuwa hivyohivyo, hakuna kitu. Nikarudisha njiti. Nikajisuta, we mwanamke, umezeeka na woga wako. Nikaitoa tena. Kichwa kilikuwa kimeanza kunigonga, na mtoto muda wake wa kuamka ulishapita, kimya. Nimesimama na njiti mkononi, naona haya kuuogopa mkebe wa chuma.

Mlango ukagongwa. Nikafungua, nikamkuta fundi na mkoba wake.

"Shika..." Hakuimaliza. Kijana mwenye adabu akikata shikamoo katikati, ujue ameona jambo. "Mama, umewasha moto?"

"Bado."

"Weka hicho kiberiti. Usiguse swichi yoyote. Kuna mtu ndani?"

"Mjukuu wangu. Amelala."

"Kitandani?"

"Chini."

Uso ukambadilika. "Gesi hii nzito, mama, inatambaa chini. Mtoe!"

Magoti haya ninayoyalalamikia kila siku, siku hiyo hayakunidai kitu. Nikamnyanyua. Kalegea. Kichwa kikaniangukia begani. Nikatoka naye mpaka uani, nikampiga nyayo, nikampuliza usoni, "Amka baba, amka, amka bwana wangu," na hakuitika. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha akakunja uso, akapiga chafya, akaangua kilio. Nikakaa vumbini, nikalia kumshinda.

Fundi alishafunga mtungi na kuacha madirisha na milango wazi. Akasubiri nyumba ipumue. Ndipo akapaka povu la sabuni pale penye waya, akafungua mtungi kidogo, na mapovu yakachemka papo hapo. Akautupa ule mpira, akafunga mpya kwa kibano chake cha chuma, akapaka povu tena. Safari hii likatulia. Akawasha, moto ukatoka wa bluu.

"Mama," akaniambia akifunga mkoba, kwa upole, "harufu ilinipokea getini. Wewe hukuisikia?"

Nikajifanya nambembeleza mtoto.

Jioni mkwe alipouona ule waya mezani, akaunyakua. "Lakini mama alinusa! Si ulinusa, mama?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini, kwamba waya ulilegea baadaye. Nikamtazama mtoto mapajani mwangu. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakusema kwamba kifo chenyewe kinaweza kupita kwa mwingine.

"Sisikii harufu yoyote," nikasema. "Tangu yale mafua. Nilinusa hewa tupu nikawadanganya."

Afadhali angenitukana. Binti yangu alinyoosha tu mikono, akamchukua mwanawe mapajani mwangu.

Asubuhi akaja jikoni na chupa ya maziwa, na kwa mazoea akaisogeza kwenye pua yangu. Mkono ukaishia njiani. Akaivuta, akainusa mwenyewe, akaitia kwenye mkoba wa mtoto.

"Leo atashinda kwa jirani, mama."

"Leo tu?" nikauliza.

Akainama kufunga viatu. Alivifunga muda mrefu.