Dawa ya Kisimani

Sipendi chati. Chura wa karatasi hana ubaridi, haruki, hamkojolei mtu mkononi, halafu tunashangaa watoto wa Gredi ya Nne wakisinzia. Mwalimu mkuu alitaka tubaki darasani. Nikamwambia mtaala mpya unamtaka mtoto ashike vitu kwa mikono yake, nikawachukua watoto wangu ishirini na mmoja tukateremka hadi kisima cha bondeni, chini ya mashamba ya majani chai ya Nyacheki.

Jua lilikuwa kali na mteremko ni mrefu. Tulipofika, wote walitaka maji. Niliwazuia, maana kisima kile kiko wazi, na mwezi uliopita kiliwaharisha watu.

"Tisha, maji iko na dawa," akasema Natasha, mjukuu wa Mzee Ogoti ambaye boma lake liko hapo juu. "Sokoro aliniambia asubuhi nikikuja shule." Sokoro ndivyo anavyomwita babu yake.

Nilifurahi. Wahudumu wa afya walikuwa wametuahidi dawa ya kusafisha maji tangu Pasaka. Nikasema, kumbe siku hizi ahadi hutimizwa.

"Basi kunyweni."

Mimi ambaye kila siku nawaimbia kuwa kuuliza si ujinga, sikuuliza.

Somo lilienda vizuri kupita kiasi. Mose alimnasa chura mara ya kwanza tu aliponyoosha mkono.

"Tisha, hii haitoroki!"

Duncan akapata watatu. Kaa walikuwa wametoka majini wenyewe, wamekaa kwenye nyasi mchana kweupe, nasi tukahesabu miguu yao bila taabu. Nilipiga picha za kumnyamazisha mwalimu mkuu. Nilijiona mwalimu kweli kweli.

Kisha nikamgeuza chura wa Mose ili watoto waone tumbo linavyopanda na kushuka akipumua. Halikupanda. Wa Duncan pia. Nikatega sikio, na bondeni kote hakukuwa na mlio hata wa panzi. Hapo niliogopa.

Mzee Ogoti alikuwa akishuka mbiombio kutoka zizini, gambuti zikimteleza.

"Mwalimu! Kwani huyu msichana hakusema? Nilimwambia maji iko na dawa, mtu asiguse!"

"Dawa gani, tata?"

"Ya kupe. Nilikuwa nachota maji ya kunyunyizia ng'ombe, chupa ikaniponyoka. Yote iliingia."

Natasha alinitazama, kidevu bado kimelowa. Niliwageukia watoto, nikatafuta sauti yangu ya darasani nisiwatishe.

"Nani amekunywa maji?"

Mikono ilipanda upesi, wakishindana nimwone nani kwanza. "Mimi, tisha! Mimi!"

Mkono wa Mose haukupanda. Alikuwa ameketi kwenye nyasi, mate yakimtoka, akisema anataka kulala.