Lango la Dragica

Rodney alishika jiko kwa sababu mkewe alishika banda. Hivyo ndivyo alivyowajibu watu waliomwuliza, na huko bonde la Huon, Tasmania, watu hawaoni haya kuuliza. Glenys alipostaafu kazi ya kaunta pale posta, alijiandikisha darasa la jioni la kuchomelea vyuma, yeye bibi mzima katikati ya vijana wanaoanza kuota ndevu, na tangu hapo Jumamosi zake zikawa za bandani. Hakufanya biashara. Alitengeneza kilichompendeza: matao ya kutambazia maharagwe, meko ya kuotea moto, bata wa mabati aliyesimama kando ya tangi la maji. Rodney alikuwa ameendesha basi la shule karibu umri wake wote, na cheche za moto alikuwa akiziogopa tangu utotoni. Basi akabaki jikoni. Alijifunza kupika kwa kuunguza, akaunguza mpaka akajua.

Jumamosi moja ya mwisho wa Februari aliamka na umande, akaingia bustanini na kapu. Nyanya zilikuwa zimeiva kwa mpigo kana kwamba zimepeana habari. Alichuma mpaka kapu likamlemea, akaongeza maharagwe mabichi, kisha chini ya majani akayakuta mamung'unye aliyoyasahau juma zima. Moja lilikuwa limenenepa kiasi cha kubebwa kama mtoto. Alilibeba hivyo hivyo hadi jikoni, akakatakata vitunguu, akaweka sufuria kubwa motoni na nyanya, siki, sukari na bizari. Achari hiyo ndiyo iliyowavusha kila majira ya baridi.

Jirani yao Dragica alipenya kwenye pengo la ua, kama ilivyokuwa desturi yake, akasimama mlangoni na mabuti ya shamba. Alikuwa mjane aliyekuja Tasmania kutoka Kroatia akiwa bibi harusi, na umri ulikuwa umempunguza mwili bila kumgusa ulimi.

"Jirani, lango langu limezaliwa, au mimba bado changa?"

Rodney alimwambia kwamba Glenys yuko bandani analishughulikia.

"Maana kangaruu wamenilia maharagwe mpaka mizizi. Jioni napanda kabichi. Nikipanda bila lango, nimewaandalia meza."

Akaendelea kueleza kwamba hamlaumu Glenys. Glenys mwenyewe alishamwambia juzi kwamba bawaba zimechelewa kufika, na mtu hawezi kufunga lango kwa mate. Rodney alikuwa akikoroga sufuria, mwiko ukamsimama mkononi. Bawaba zilikuwa zimefika siku nyingi. Yeye mwenyewe ndiye aliyezichukua mjini. Alijaribu tu kumpa Dragica lile mung'unye kubwa alipokuwa akiondoka, na Dragica akaukwepa mkono wake. Alisema anayo ya kwake, na mwaka huu hata kuku wameyasusia.

Alipokwisha kwenda, Rodney alipunguza moto, akamimina chai kikombeni, akatoka nayo. Njiani alisikia mlio wa grenda. Miaka yote hakupenda kuangalia kazi ya mkewe, lakini masikio hayana kope, na alishajua sauti za banda lile. Chuma kinapochomelewa hukaanga, kama nyama kwenye mafuta. Chuma kinaponyolewa na grenda hulia. Ndipo alipong'amua kwamba asubuhi ile, na Jumamosi ya kabla yake pia, kilio kilikuwa kimezidi kukaanga.

Glenys alikuwa ameketi kwenye kigoda, kofia ya kukinga uso imesukumwa juu ya kichwa. Lango lilikuwa limelazwa juu ya meza ya chuma mbele yake. Pembe mbili zilikuwa zimechomelewa vizuri. Ya tatu ilikuwa imechomelewa, ikanyolewa, ikachomelewa tena, ikanyolewa tena, mpaka bomba la lango likatoboka. Tundu lilikuwa dogo, lakini hata dereva wa basi aliliona.

"Bawaba zimefika," Rodney alisema. "Nilizileta mimi."

"Najua."

Hakujitetea. Alivua glavu ya mkono wa kulia, akauweka ule mkono juu ya meza kati yao, akauacha. Ulikuwa unatetemeka. Kidole gumba kilisugua kidole cha shahada, kikasugua tena, kama mtu anayepukuchua hindi. Rodney alikiweka chini kikombe. Aliujua mwendo ule. Baba yake Glenys alimalizia maisha yake katika nyumba yao hiyo hiyo, mikono yake yote miwili ikipukuchua mahindi yasiyokuwapo, na Rodney ndiye aliyekuwa akimlisha supu kwa kijiko.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Na mimi nilikuwa wapi, Glenys? Nalala nyumba nyingine?"

"Ungenipeleka kwa daktari kesho yake."

"Ndiyo. Ningekupeleka."

"Basi ndiyo sababu." Aliuvuta mkono, akaupakata mapajani. "Daktari akishalitamka jina la ugonjwa, mimi si mtu wa kawaida tena. Nitakuwa mgonjwa. Wewe mwenyewe utaanza kunishika kiwiko tukipanda ngazi."

Rodney alitaka kusema kwamba kumshika mtu kiwiko si kumzika. Hakuwahi. Upepo uliwaletea harufu kutoka nyumbani, wote wawili wakaitambua, na Rodney akatimua mbio na miguu yake ya uzee.

Achari ilikuwa imeshika chini. Alichota ya juu kwa upawa, akaihamishia sufuria nyingine, akaonja. Ilinuka moshi kidogo, lakini ililika. Ile sufuria kubwa akaiweka kwenye sinki, akafungulia maji, na akasimama hapo muda mrefu kuliko sufuria ilivyohitaji. Alikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa inamtafuta wa kumwangukia. Akilini alimwona baba mkwe wake na kitambaa kifuani, mchuzi ukimtiririka kidevuni. Aliyaona mashati ambayo Glenys alikuwa akiyavaa siku hizi, yote ya kupitishia kichwani, hakuna lenye vifungo. Aliyafua mwenyewe, akayaanika mwenyewe, wala hakujiuliza. Hapo hasira ikakosa mtu, ikabaki hofu tupu. Akafunga bomba, akanawa uso, akarudi.

Alimkuta Glenys amesimama, anaviringisha nyaya za mashine. Alisema lango lipelekwe kwa fundi mjini, kwake ni kazi ya dakika chache, na Dragica ataambiwa lolote.

"Imebaki nini?" Rodney aliuliza.

"Hiyo pembe, kipande cha bomba nikibadili. Nyingine moja. Na bawaba."

"Nipe hiyo kofia."

Glenys alimtazama, kisha akacheka, kicheko cha kwanza siku hiyo. "Wewe? Wewe unayekimbia kiberiti?"

"Nimekimbia mpaka nimechoka, mama. Nipe."

Glenys alimvika aproni ya ngozi, akamfunga yeye mwenyewe kwa nyuma, na fundo lilichukua muda. Rodney alisimama akatazama ukutani, hakuomba kumsaidia. Kisha akampa kipande cha chuma chakavu cha kujifunzia. Ufito wa kuchomelea uliganda mara ya kwanza, ukaganda mara ya pili. Cheche zilipomrukia shingoni, alitukana neno ambalo watoto wa basi walikuwa wakiadhibiwa kwa kulitamka, lakini miguu yake haikuondoka.

"Usikodoe macho," Glenys alimwambia. "Sikiliza. Kinakaanga?"

"Kinakaanga."

"Hapo hapo. Kikinyamaza, umegandisha. Kikifoka, umeinua mno. Sasa vuta polepole, kama unamimina uji mzito."

Alisimama nyuma yake, ameinamisha kofia yake ya akiba, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha mumewe. Wakaenda hivyo, pembe ya tatu, kisha ya nne. Rodney alikuwa akivuja jasho ndani ya kofia, na kila alipoharakisha, kile kiwiko kilibanwa. Walipomaliza, Glenys alichukua nyundo kwa mkono wa kushoto, akagonga gamba lililofunika mshono wa chuma likapukutika, akaugeuza kwenye mwanga.

"Kuku amejisaidia humu," alisema. Akaugonga tena kwa nguvu zake zote. Haukuachia. "Lakini kimeshika. Nimeona vibaya kuliko hivi, na vingi vilikuwa vyangu."

Mchana ulipokaribia walilibeba lango wakalipitisha penye pengo la ua, Glenys akiushikilia upande wake kwa kuutia kwapani. Dragica alilizunguka akalikagua. Alipitisha kidole kwenye pembe mbili nzuri, akafika zile nyingine, kidole kikasita.

"Huu mkono si wako, Glenys."

Rodney alifungua kinywa kusingizia lolote, ubovu wa fito au ubovu wa mashine. Lakini Glenys alishautoa mkono wake mfukoni na kuunyosha mbele ya jirani yake, ukitetemeka mchana kweupe.

"Huu hapa wangu. Ndivyo unavyofanya siku hizi. Aliyechomelea ni huyu."

Dragica aliutazama, akaushika kwa mikono yake miwili yenye udongo, akakaa nao kidogo. Kisha akasema kangaruu hawajui kusoma mshono. Akauliza kama ameshamwona daktari.

"Jumanne," Glenys alijibu.

Rodney ndiyo kwanza asikie habari za Jumanne. Alichuchumaa chini haraka na bisibisi, akajishughulisha na bawaba.

Daktari alisema kile walichokwisha kujua: ni ugonjwa ule ule wa baba yake Glenys. Kurudi nyumbani mashamba ya matufaha yakapita kushoto na kulia, na walipozima gari Glenys akauliza watapika nini. Vidonge alivyopewa vilimletea saa kadhaa nzuri, nyingi zikiwa za asubuhi, na asubuhi hizo huzitumia bandani bila kumngoja mtu. Kuna siku mkono hukubali mpaka saa sita, na kuna siku hukataa tangu anapoamka. Mkono ukikataa, humwita mumewe. Rodney huacha chochote alichokuwa akikaanga, anavaa kofia, anasikiliza. Hupingana sana humo ndani, kuhusu moto na mwendo na nani amehamisha nyundo, kuliko walivyowahi kupingana katika miaka yao yote ya ndoa. Dragica husema huwasikia mpaka kwake, hata akiwa amewasha redio.