Udongo Unaoshika Ulimi

Jumatano asubuhi Mwahija alikwenda nyuma ya kambi ya wapimaji kuokota udongo mweupe, akaonja kipande kwa ncha ya ulimi. Kilimshika. Ilimbidi akivute kwa vidole viwili ndipo ulimi ukaachia, na hapo akajua kwamba amepata pemba ya daraja la kwanza. Pemba, udongo wanaotafuna wajawazito, ikiwa haishiki ulimi haifai. Wateja huitema mbele ya watu na kusema wameibiwa.

Kambi hiyo ilikuja njia ya Mwakitolyo mwaka 1978 kutafuta urani katika maji ya visima. Mkuu wa maabara, Valerian, alishindilia udongo uliosagwa ndani ya mirija ya kioo na kumimina maji juu yake tone kwa tone. Maji yalipita. Kile kidogo mno kilichojificha ndani yake, ambacho jicho halikioni, kilibaki kimeng'ang'ania udongo. Baadaye Valerian aliuosha udongo kwa tindikali, akapima kilichotoka, na udongo wenyewe akautupa nyuma ya hema. Hakuweka uzio. Alikuwa amesoma mambo mengi, lakini hakuwahi kusoma kwamba watu hula udongo.

Mwahija aliukanda, akaukata vipande vya ukubwa wa kidole, akaukausha kwa moshi. Vilivyo bora alimpa mkaza mwanawe, Nyamizi, aliyekuwa na mimba ya kwanza.

"Kula," alimwambia. "Usije ukaenda kwenu kusema nakunyima."

Siku moja Nyamizi alikatisha bwawa ambalo wachimbaji huoshea mawe yao, akatoka na miguu ya manjano mpaka magotini. Mumewe, Majaliwa, ambaye shimo lake halikuwa limetoa kitu tangu masika, alimpangusa ugoko kwa kidole gumba, akakisugua kidole hicho kwenye jiwe na kukitazama juani.

"Dhahabu," alisema, kama mtu anayesema ng'ombe wamerudi. Akamwambia arudi majini.

Tangu hapo Nyamizi alishinda bwawani maji yakimfika kifuani. Jioni Mwahija alimlaza mkekani na kumparuza kwa kigae cha chungu. Dhahabu ilitoka kwanza. Chini yake ilikuwa zebaki, vitone vidogo kama umande, na chini ya zebaki palikuwa na kijivu ambacho hakikutoka hata kwa majivu. Waliichukua dhahabu. Vingine walimwachia mwenyewe.

Majirani hawakushangaa. Walikasirika, kwa sababu bwawa lilikuwa la kijiji.

"Sisi tumeoa wanawake," walisema Majaliwa alipopita, "mwenzetu kaoa karai!"

Nyamizi alipoanza kusikia mtoto anazidi uzito tumboni, alikwenda kambini kwa Valerian.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mwizi wa udongo?"

"Nilipewa."

"Udongo ule umevuka bahari kwa meli. Mali ya serikali. Wewe ukautafuna kama karanga."

"Basi utoe."

Valerian alimweleza kwa sauti ya kusoma tangazo. Udongo haujui dhahabu wala sumu, hushika kinachoshikika. Kuuachisha kunataka tindikali. Alitazama chupa, kisha akatazama tumbo.

"Tindikali huwezi kuinywa," alisema.

"Na mtoto?"

"Atatoka nao. Ukijifungua, niite. Nauhitaji."

Nyamizi alitema mate mlangoni pa hema. Yaling'aa kwenye vumbi. Valerian akayachota kwa kijiko na kuyatia katika chupa.

Nyumbani alimwambia mumewe, "Mtoto wangu haingii bwawani."

"Kwanza atoke," alijibu Majaliwa.

Alfajiri moja akafunga khanga zake, akashika njia ya kwao Samuye. Kila kijito alichovuka kilimwongezea uzito. Alipofika mto wenye maji mengi alishindwa kunyanyua mguu, akasimama katikati kama kisiki. Majaliwa alikuja na mkokoteni wa ng'ombe kumrudisha. Hakumpiga. Alilalamika kwamba ekseli itavunjika.

Mtoto alizaliwa mchana, msichana, wakamwita Mwanne. Udongo wote alitoka nao yeye. Mwahija alipomwogesha, maji ya beseni yalitakata hata mchoro wa ua chini ukaonekana, na kitoto kikawa cha manjano mpaka shingoni. Mwahija alimparuza kidogo kwa ukucha, akatabasamu kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Valerian alifika kabla uji wa mzazi haujapoa. Majaliwa akamzuia mlangoni.

"Mwanangu!"

"Udongo wangu!"

Walishikana mashati, vifungo vikaruka. Shauri likafika kwa mwenyekiti wa kijiji, Akida, aliyeitisha kikao cha wote. Valerian alieleza udongo ulivyoletwa. Majaliwa alieleza mtoto alivyopatikana, watu wakacheka. Nyamizi alisimama na mtoto mgongoni.

"Atakufa," alisema. "Mimi mtu mzima yale maji yamenilegeza meno. Huyu hana hata meno."

"Ndugu Nyamizi," alisema Akida, "akina mama watasema mwisho."

Akida aliamua kwamba asubuhi mtoto atakuwa wa kambi, katika maji ya visima, na alasiri atakuwa wa babake, katika bwawa. Jumamosi, kwa kuwa bwawa ni mali ya wote na kijiji ni cha ujamaa, atakuwa wa kijiji. Watu walipiga makofi marefu. Hata waliomwita Nyamizi karai walipiga. Mwisho ulipofika, kikao kilikuwa kimefungwa.

Walingoja arobaini ipite, maana hakuna aliyetaka kuvunja mila. Mtoto alinyolewa nywele, wali ukapikwa, dua ikasomwa. Baada ya wali wote wakashuka bwawani, Akida mbele, Valerian na chupa zake, Mwahija na kigae.

Jambo moja tu walilikubali bila kubishana, kwamba mtoto asizame. Kazi ya kumshika kichwa wakampa mama yake.

Nyamizi aliingia, akamlaza mwanawe juu ya maji, kiganja chini ya kisogo. Maji ya tope yakaanza kutakata kutoka kwake kwenda nje, taratibu, kama mkeka unaokunjuliwa, mpaka Nyamizi akaona vidole vya miguu yake mwenyewe chini, safi, havijashika kitu.

"Mgeuze," alisema Majaliwa kutoka ukingoni. "Na mgongo."