Kimya cha Mwamba wa Ukerewe

Ukitaka ugomvi na Mwalimu Sabina, usimtukane. Matusi ameshayazoea, amefundisha shule ya msingi Mkuyuni mpaka akastaafu. Wewe mnyime jibu tu, halafu uone.

Na Venant alikuwa amemnyima jibu tangu Kwaresima.

Wawili hawa walikuwa wakilumbana redioni tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Sabina akitupa shairi wiki hii, Venant hujibu wiki ijayo, kwa vina vilevile, na wasikilizaji kuanzia Kirumba mpaka visiwani hubishana nani kamkata mwenzake kilimi. Sabina alijiita Pilipili ya Mkuyuni, Venant akajiita Mwamba wa Ukerewe. Walirushiana maneno makali hewani, wakazikiana wazazi nje ya hewa. Sasa Sabina ametupa shairi, wiki zimepita, Mwamba kimya. Kwa walumbi, kunyamaziwa ni kudharauliwa. Afadhali mtu akuite punda, mradi akuite kwa vina.

Halafu ndipo akasikia kwamba Venant huyohuyo, aliyekuwa akiyaita mashairi yasiyo na vina uji usio na sukari, amealikwa mgeni wa heshima kwenye kongamano la ushairi wa majaribio, pale ukumbini Kirumba. Aliyemwalika ni Rwekaza, mhadhiri kijana wa chuo kimoja cha Nyegezi.

"Ana lake jambo," Sabina alisema peke yake jikoni. "Kanikimbia mimi, kaenda kujificha kwa watoto. Nitamtoa huko huko."

Ukumbini alimkuta Venant amekaa mbele, kwenye meza ya wageni, na mkewe Modesta. Sabina akamwendea wima, akanyoosha mkono. Venant akatabasamu upande, akampa mkono wa kushoto. Wa kushoto! Mtu mzima, mbele za watu, na wa kulia kautia mfukoni mwa koti.

"Habari za siku, Mwamba?"

"Tuko salama, da Sabina," Modesta akadakia. "Za Mkuyuni?"

"Nimemsalimu yeye. Siku hizi ana msemaji?"

Modesta akainamisha macho. Venant akaendelea kutabasamu. Sabina akaketi nyuma yao. Amekuwa mkubwa, hata salamu anajibiwa na mke!

Kongamano likaanza. Binti mmoja akapanda jukwaani, akasoma, "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye," akarudia na kurudia, mara kwa huzuni, mara kwa hasira, mpaka watu wakacheka na wengine wakanyamaza. Rwekaza akaeleza kwamba ushairi wa dhana haujali sana maneno mazuri; unajali wazo, na neno la kuokota njiani nalo linaweza kuwa shairi. Sabina akanuna. Hata hivyo yule binti alimgusa kidogo, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Sasa tumsikilize mzee wetu," Rwekaza akasema. "Shairi lake linaitwa Kimya."

Venant akasimama. Hakufungua kinywa. Kelele za soko la samaki Mwaloni zikaingia madirishani, korongo wakatembea juu ya bati, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmh, walisema. Mmh.

Sabina hakuvumilia. "Utapeli!" Akasimama. "Huyu mnayemshangilia ameshindwa kunijibu, sasa anawauzieni kimya! Venant, kama kweli we ni Mwamba, nijibu hapa hapa!" Akatupa ubeti wake kwa sauti iliyojaa ukumbi:

*Mwamba wetu wa ziwani, kinywa umekifungia,*
*Kama hoja huna ndani, sema nitakuachia.*

Venant akageuka. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Mkono wa kushoto ukaanza kugonga meza: gonga nane, pumzi, gonga nane.

"Ni... ni..." akasema. "Nani... ni... ni..." Mshipa wa shingo ukasimama. Akagonga tena, nane na nane, bila kukosea hata moja. "Ni... ziii... ni..."

Sabina alikuwa ameshafungua mdomo acheke. Hakucheka. Alimjua huyu mtu kwa mizani yake kuliko kwa sura yake. Mizani yote ilikuwa mkononi, imekamilika. Maneno ndiyo hayakuwamo. Jibu lilikuwa limefika mpaka ulimini likakwama, na yeye ndiye aliyelivuta mbele za watu. Akaona aibu, akaketi.

Modesta akamgeukia, akanong'ona. "Kiharusi, da Sabina. Kilimpata Kwaresima. Huyu kijana alipokuja kumwalika, kila akiuliza mzee yuko kimya, akadhani ndiyo sanaa yenyewe, akafurahi. Mwenzangu akaona hapo ndipo pa kujisitiri. Hataki mtu ajue. Wewe ndiye hataki kabisa ujue."

Hapo ukumbi ukalipuka kwa makofi. Vijana walikuwa wamesimama, simu juu, wanarekodi.

"Mmeona!" Rwekaza alikuwa karibu kuruka. "Amelivunja neno, akabakiza mapigo! Kamjibu mpinzani wake kwa mizani tupu! Mwalimu Sabina, shikamoo, wewe umesema ni utapeli. Sasa unasemaje?"

Ukumbi ukageuka kumtazama. Modesta alikuwa ameshika kitenge chake kwa mikono miwili. Kusema ukweli kulikuwa rahisi, na watu wangemhurumia mzee, wakampa pole, wakamletea maji. Venant angekufa siku hiyo hiyo akiwa hai.

Sabina akasimama tena. Aliwahi kushindwa mara nyingi, kila mlumbi hushindwa, ila neno lenyewe hakuwahi kulitamka, si redioni wala msibani.

"Si utapeli," akasema. "Ni shairi, tena limenizidi. Andikeni kwamba Sabina ameshindwa."

Watu wakapiga vigelegele. Rwekaza akamkumbatia. Venant peke yake hakusherehekea. Alimtazama Sabina kwa muda mrefu, mkono wake ukaacha kugonga, na macho yakamjaa machozi, kwa sababu Sabina aliyemfahamu yeye asingekubali kushindwa hata siku moja, labda awe amejua.